Wawindaji wa ayala na ndege aliyedhaniwa amekwisha: simulizi za Fiordland, Nyuzilandi (uzi mrefu)

#1 Luhombero

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimekaa nao moyoni miaka mingi. Leo nauandika kwa sababu mwezi uliopita tumemzika babu yangu mzaa mama kule kwetu Kilolo. Alikuwa mwindaji. Siku ya kuanua matanga wazee walizungumza mengi mazuri juu yake, ila hakuna aliyeweza kueleza alichokijua kuhusu msitu: njia zake, milio ya usiku, ndege gani hukaa wapi. Ameondoka nayo yote. Mimi mjukuu wake, niliyesoma mambo ya misitu mpaka ng'ambo, sikuwahi kumkalisha chini nikamuuliza.

Hapo nikamkumbuka mzee mwingine. Nilipokuwa nasoma Dunedin, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, baba wa mwenye nyumba wangu alikuwa akiishi Te Anau, mji mdogo kando ya ziwa la jina hilohilo. Likizo mbili nilikwenda kumsaidia kupasua kuni na kukarabati banda. Mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka 19, aliajiriwa na idara ya misitu ya serikali kuua ayala. Jioni mjukuu wake wa kike alikuwa akiweka simu mezani, anamrekodi mzee, nami nakaa pembeni na kikombe changu cha chai. Mengi nitakayoyasimulia hapa nimeyapata mezani pale, mengine nimeyasoma baadaye.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama mwenyewe. Ayala ndiye yule wa Zaburi, mwenye pembe zenye matawi. Huku kwetu hatunaye. Kulungu na paa ni jamii nyingine, pembe zao hazigawanyiki wala hazidondoki; za ayala dume hudondoka kila mwaka na kuota upya. Hata Nyuzilandi hakuwako. Nchi ile kabla ya kufika watu haikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye isipokuwa popo. Ilikuwa nchi ya ndege. Ndege ndio waliochunga nyasi, ndio waliofukua ardhi, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuwakimbiza, wengi wao waliacha kabisa kuruka.

Wahamiaji kutoka Uingereza wakaleta ayala wekundu kuanzia katikati ya karne ya 19, kwa ajili ya raha ya kuwinda. Mwaka 1905 wakashushwa wapiti 18, aina kubwa ya ayala, kutoka Marekani, zawadi iliyohusishwa na Rais Theodore Roosevelt, katika ghuba ya George Sound, huko Fiordland, kona ya kusini-magharibi ya nchi. Hakuna simba wala chui wa kuwapunguza. Wakazaana, wakala machipukizi ya msitu mpaka chini pakabaki peupe. Mwaka 1930 serikali ikawaondolea ulinzi wa sheria, na punde ikaanza kuajiri vijana wa kuwaua.

Nitaendelea baada ya chakula cha usiku.

#2 Mama Tumaini

Pole sana kwa msiba mwanangu. Endelea, tunakusoma.

#3 Kinara wa Ruaha

Pole mkuu. Ila nieleweshe, walikuwa wanalipwa kuua wanyama? Kwa idadi? Nani alikuwa anahesabu huko porini?

#4 Luhombero

Asanteni sana kwa pole.

Mkuu Kinara, mkia ndio ulikuwa stakabadhi. Kijana alikuwa na mshahara wake mdogo, na juu yake nyongeza kwa kila ayala. Anakata mkia, anautunga kwenye kamba, akishuka bondeni mwisho wa kipindi anahesabiwa. Miaka mingine walichuna na ngozi, wakazibeba mgongoni.

Na msifikirie pori la kutembea kwa raha. Fiordland ni hifadhi ya taifa yenye zaidi ya kilomita za mraba 12,000, milima imesimama wima kama ukuta kutoka baharini. Kule Milford Sound mvua kwa mwaka hupita milimita 6,000. Mzee alisema walipelekwa wawili wawili, kila mmoja na bunduki ya .303 iliyobaki vitani, turubai, unga, chai, sukari na sufuria nzito ya chuma ya kuokea mkate kwenye makaa. Mito ikifurika unakaa kambini siku tano, sita, huna pa kwenda, nguo zimeloa, na vijinzi vinakung'ata mpaka uso unavimba. Wenzake kadhaa walisombwa na maji. Alipofika kwenye majina yao aliyataja polepole, moja moja, na yule binti hakumkatiza.

Kitu kilichonishika ni hiki. Kijana aliyekaa miezi kwenye bonde moja, akitembea kimya alfajiri na jioni, alijua kila mlio. Hakupelekwa kule kuangalia ndege, wala hakuna aliyemwambia aandike kitu. Lakini kwa kuwa alitafuta nyayo za ayala, aliona na nyayo zisizokuwa za ayala. Ndivyo takahē alivyorudi kutoka kwa wafu.

#5 Mwalimu Mstaafu

Endelea kijana. Huyo takahē ni ndege gani? Anafanana na nani huku kwetu?

#6 Luhombero

Shikamoo mwalimu.

Umewahi kuona pale Naivasha yule ndege wa zambarau, mdomo mwekundu, vidole virefu, anatembea juu ya magugu maji? Takahē ni ndugu yake, ila amekuwa mkubwa, mnene, kilo tatu hivi, miguu imara kama ya jogoo wa kienyeji, na mabawa yasiyomfaa kwa kuruka. Bluu na kijani inayong'aa. Anakaa milimani kwenye nyasi za mashungi, anang'oa jani, analishika kwa mguu, anakula kile kipande laini cha chini tu na kutupa kilichobaki.

Mwaka 1849 wavuvi wa sili kwenye kisiwa cha Resolution waliona nyayo kwenye theluji, mbwa wao akamkamata ndege. Wakamweka hai merini siku chache, kisha wakamla. Ngozi yake ikamfikia mtaalamu. Kuanzia hapo mpaka 1898 walipatikana wanne tu. Wa nne alikamatwa na mbwa kando ya Ziwa Te Anau, na mwili wake uko kwenye makumbusho ya Dunedin. Nilikuwa nikimpita karibu kila wiki. Baada ya huyo, kimya cha miaka hamsini. Vitabu vikaandika amekwisha.

Watu wa kabila la Ngāi Tahu, wenyeji wa kusini, walikuwa na habari zao juu ya ndege huyu na mahali alipokuwa akishuka wakati wa baridi. Hazikutiwa uzito.

Sasa akaja Geoffrey Orbell, daktari wa mji wa Invercargill. Huyu alikuwa mwindaji wa ayala hasa, mmoja wa waasisi wa chama cha wawindaji wa ayala cha nchi nzima mwaka 1937. Aprili 1948 alipanda Milima ya Murchison, magharibi ya ziwa, akakuta ziwa dogo juu mlimani, nyayo za ndege mkubwa asiyemjua, na mlio asioujua. Mtu ambaye si mwindaji angepita. Yeye akapima nyayo. Akarudi na wenzake watatu, na tarehe 20 Novemba 1948 wakawakuta. Waliwakamata wawili kwa wavu, wakawapiga picha, wakawaachia.

Habari ikazunguka dunia nzima. Serikali ikafunga eneo la kilomita za mraba kama 500 mtu asiingie ovyo. Bonde lile leo linaitwa Bonde la Takahē, na ziwa lina jina la daktari.

Mzee wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa. Alisema baba yake aliposoma gazeti lile aliliweka chini akasema ndege huyo yeye amemsikia mara mbili, akidhani ni kitu kingine, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

#7 Jongoo Haliachi

Hapo kwa baba yake pamenigusa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

#8 Kinara wa Ruaha

Mkuu uzi mtamu, ila mimi nina neno. Ayala hakuomba kupelekwa kule. Mtu kamchukua kwao kampanda merini, kamwachia kwenye kisiwa, kazaana kama alivyoumbwa. Baadaye mtu yuleyule anasema wewe ni adui, anakumaliza kwa maelfu. Mimi nimekulia kwenye jamii ya wafugaji. Damu ya mnyama isimwagwe bure namna hiyo. Hao ndege wanasaidia nini?

#9 Luhombero

Mkuu Kinara, swali lako nililiuliza pale mezani, kwa maneno laini zaidi.

Mzee hakunijibu siku ileile. Kesho yake tukiwa tunapanga kuni akasema hajawahi kumchukia ayala hata mmoja. Alisema aliwapenda, na ndiyo maana aliweza kazi ile, maana asiyempenda mnyama hamjui, na asiyemjua hampati. Kilichomsumbua mpaka uzeeni ni mizoga iliyoachwa ikioza porini miaka ya mwanzo kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuitoa. Kwa hilo anakubaliana na wewe kabisa, na mimi pia.

Lakini tazama upande wa pili. Takahē anakula kile kipande laini cha shina la nyasi, ndicho chenye sukari na protini. Ayala naye anakitaka hichohicho. Tofauti ni kwamba takahē ananyonyoa jani mojamoja, shungi linapona. Ayala analiparamia lote, na nyasi zile huchukua miaka mingi kurudi. Watafiti Mills na Mark walilionyesha hili wazi mwaka 1977. Ndege waliogunduliwa wakikadiriwa kuwa 250 hadi 300 walifika kama 120 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya hifadhi iliyofungwa, walipokatazwa watu! Mlango ulifungwa, njaa ikawa imebaki ndani.

Kuna na stoti, mnyama mdogo wa jamii ya chororo, aliyeletwa miaka ya 1880 kuua sungura. Huyo anaingia kwenye kiota, anaua mama na makinda. Mwaka 2007 stoti walifumuka kwenye Milima ya Murchison wakamaliza karibu nusu ya takahē waliokuwapo.

Unauliza ndege hawa wanasaidia nini. Sina jibu la shilingi. Nimewahi kusimama mita kumi kutoka kwa takahē na mwanawe kwenye kituo cha Te Anau. Mama aling'oa jani, akamenya, akamkabidhi mtoto mdomoni. Ayala wako Ulaya mpaka Asia. Takahē hana pengine pa kwenda. Kwangu hiyo imetosha.

#10 Kinara wa Ruaha

Nimekusikia mkuu. La mizoga tumekubaliana, haya mengine nayafikiria. Endelea.

#11 Luhombero

Sehemu ya helikopta. Nitaipitia haraka kwa sababu mzee mwenyewe hakupenda kuizungumza.

Miaka ya 1960 nyama ya ayala ilipata soko Ulaya, hasa Ujerumani. Watu kama Tim Wallis wakaanza kutumia helikopta, kwanza kutoa mizoga, halafu kupiga risasi kutoka angani. Kilichowashinda maelfu ya vijana wa miguu kikafanywa na mashine ndani ya miaka michache. Baadaye ufugaji wa ayala ukaruhusiwa, ayala hai akawa na bei, na vijana wakawa wanaruka kutoka kwenye helikopta juu ya mgongo wa mnyama, au wanamfyatulia wavu kwa bunduki maalumu. Walikufa wengi, marubani na warukaji. Lakini nyasi zikaanza kupona.

Wakati mwingine wale waliotengeneza pesa kwa ayala na wale waliotaka kuokoa ndege walikuwa kwenye helikopta moja. Hata leo wawindaji wa wapiti huko Fiordland wana mistari yao ya mitego ya stoti mabondeni, wanaihudumia kwa kujitolea. Wanawapenda wapiti, wanataka wabaki, na wanajua wakizidi watafukuzwa wote. Mvutano kati yao na wanaotaka ayala wote waondoke haujaisha, na sidhani kama utaisha.

Kisa kimoja kidogo kabla sijalala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkulima mmoja, Elwyn Welch, aliwafundisha kuku wake wadogo kuatamia huku wamebebwa kwenye sanduku mgongoni, ili wapandishwe milimani wakalete makinda ya takahē mashambani yakiwa salama chini ya mbawa zao. Kuku wa kawaida kabisa. Bibi yangu angekielewa kisa hicho kuliko maprofesa wangu wote, kwa kuwa naye aliwahi kumwekea kuku mayai ya kanga.

#12 Mama Tumaini

Ni kweli mwanangu, kuku akitulizwa vizuri anaatamia cha mwenzake. Mimi nimelea bata kwa kuku, siku vifaranga vinaingia majini mama yao anahangaika ukingoni mpaka unamwonea huruma.

#13 Pwani Moja (Malindi)

Ndugu yangu Luhombero, hongera kwa kazi hii. Niruhusu nilete la kwetu, kwa sababu limefanana.

Hapa Arabuko-Sokoke na msitu wa Dakatcha tuna kwera mmoja, njano na nyeusi, hapatikani popote duniani ila kaunti yetu ya Kilifi. Wataalamu walimwandika mwaka 1913. Basi wakakaa miaka mia moja hawajui anataga wapi! Kila mwaka anaonekana Sokoke, ukifika wakati wa kutaga anapotea. Mwaka 2013 kiota kikaonekana, Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu, na walioshiriki kukiona ni watu wa vikundi vya uhifadhi vya hapohapo kijijini. Mvua ikinyesha vizuri maji yanajaa, ndege wanajenga kwenye majani ya majini. Mvua ikikosa, hawajengi pale.

Mimi najiuliza, wazee wa Kigiriama waliokuwa wakienda kule kuwinda na kurina asali miaka hiyo yote, hawakuwa wameviona? Nina yakini waliviona. Kwao vilikuwa viota tu.

#14 Luhombero

Ndugu yangu Pwani, umelitia kwenye mstari mmoja nililokuwa nalitafuta tangu posti ya kwanza. Kwao vilikuwa viota tu.

Na sasa nirudi kwetu. Msitu wa Ndundulu, kule juu Udzungwa, upande wa wilaya yetu ya Kilolo. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini humo wakichunguza ndege. Siku moja ndani ya chungu cha mboga wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Iliyokuwamo ndani ya chungu ilikuwa aina ya kwale ambayo sayansi haikuwa nayo kabisa, na ndugu zake wa karibu hawako Afrika, wako kwenye misitu ya milimani ya Asia. Akaandikwa rasmi mwaka 1994. Chunguni akiwa mboga, kwa mtu aliyemtega akiwa kitoweo cha kawaida.

Nyani pia. Kipunji, yule wa Rungwe, habari zake za kwanza zilitoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa mwaka 2003, waliosimulia juu ya mnyama mwenye haya, mlio wake si wa mbega wala wa kima. Watafiti wakaenda na masimulizi hayo mpaka wakamwona. Mwaka uliofuata akaonekana na Ndundulu hukohuko. Mwaka 2005 akatangazwa.

Babu yangu alitembea Ndundulu ujana wake wote.

#15 Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, nimefundisha vijiji vya milimani miaka 34. Nikuambie jambo ambalo huenda huko Nyuzilandi halikuwapo. Mzee wako yule alikuwa mwindaji wa serikali, mshahara analipwa, akizeeka anasimulia kwa fahari na mjukuu anarekodi. Babu yako aliwinda bila kibali. Ukimuuliza wazi, anasikia sauti ya mahakama. Ndiyo maana hakukusimulia. Hakukunyima. Alikuwa anakukinga wewe na anajikinga yeye.

#16 Luhombero

Mwalimu, nimesoma posti yako nikaweka simu chini, nikatoka nje nikazunguka kidogo.

Ni kweli. Nakumbuka nikiwa darasa la sita nilimwona akifukia nyaya za mitego nyuma ya zizi baada ya mtu wa maliasili kufika kijijini. Sikuwahi kuunganisha.

Tangu iwepo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na zile za kabla yake, mtu wa msituni amejifunza kunyamaza. Siitetei mitego ya waya. Nimeona paa aliyekatika mguu, sitaki kuona tena. Lakini tumetunga utaratibu ambao anayejua zaidi ndiye mwenye sababu zaidi ya kufunga mdomo. Kule Fiordland walioua maelfu wanaitwa mashujaa wa taifa, huku aliyeua paa kumi kulisha watoto anakufa na habari zake.

#17 Jongoo Haliachi

Sasa mkuu tufanye nini? Mimi baba yangu mdogo yupo hai, ana miaka 81, alikuwa anawinda Mufindi. Nianzie wapi?

#18 Luhombero

Anza wiki hii. Nakuambia hivi nikiwa na kaburi bichi mbele yangu.

Nilichojifunza kwa yule binti wa Te Anau: hakuuliza maswali makubwa. Hakusema tuambie kuhusu mabadiliko ya mazingira. Aliuliza mlikula nini. Mlilala wapi mvua ikinyesha. Ulikuwa unatembea na nani. Alfajiri ulisikia nini kwanza. Mzee akishaingia kwenye harufu ya moshi wa kambi ile, ndege wanakuja wenyewe. Na alimwachia anyamaze. Kimya cha dakika nzima kipo kwenye rekodi zile, na baada yake ndipo huja jambo.

Usitaje jina lake popote hadharani, wala miaka, wala kijiji, kwa sababu aliyoisema mwalimu. Na ndege au mnyama adimu akitajwa mahali pake hasa, usiweke mtandaoni. Kuna watu wananunua habari hizo kwa nia mbaya.

Uwe tayari pia kuambiwa vitu visivyothibitika. Nimalizie na hilo, ndilo la kakapo na la kokako.

Kakapo ni kasuku asiyeruka, hutembea usiku, dume hufika kilo nne. Dume huchimba shimo la duara mlimani, anajaza kifua hewa, anavuma usiku kucha, mvumo mzito unaosikika kilomita kadhaa. Mwaka 1894 serikali ilimweka mtu anayeitwa Richard Henry kwenye kisiwa cha Resolution. Alipiga makasia, akiwa na mbwa aliyefungwa mdomo, akawahamisha mamia ya kakapo na kiwi, ndege mwingine asiyeruka, kutoka bara kwenda kisiwani. Mwaka 1900 stoti alionekana kisiwani. Ameogelea. Kazi yote ikapotea.

Wawindaji wa miaka ya 1940 na 1950 walisimulia kusikia mvumo kama ngoma ya mbali, usiku, kwenye mabonde ya juu. Mzee wangu aliusikia usiku mmoja mwaka 1959 akadhani ni maporomoko. Msako wa miaka ya 1974 hadi 1977 ukawapata kakapo 18 Fiordland, wote madume. Mmoja wao, aliyepatikana 1975, alipewa jina la Richard Henry. Ndiye aliyebaki peke yake wa damu ya Fiordland. Mwaka 1998 alizaa watoto watatu na jike wa kisiwa cha Stewart: Sinbad, Gulliver na Kuia. Alikufa Desemba 2010. Kakapo wote duniani walifika 51 mwaka 1995; mwaka 2022 walikuwa 252. Takahē nao wamefika kama 500, na mwaka 2023 wengine waliachiwa kwenye bonde la Greenstone, ardhi ya Ngāi Tahu.

Kokako wa kisiwa cha kusini ni habari nyingine. Ndege wa kijivu, ana vishavu vya rangi ya chungwa, sauti kama filimbi na kengele. Alihesabiwa amekwisha, kisha mwaka 2013 akatolewa kwenye orodha ya waliokwisha, baada ya wataalamu kukubali taarifa ya watu waliosema wamemwona mwaka 2007; wawindaji na wapanda milima nao hawakuacha kusema wamemsikia. Shirika moja limeweka zawadi ya dola 10,000 za nchi ile kwa atakayeleta ushahidi. Mpaka naandika, hakuna picha. Mzee wangu aliniapia kwamba alimsikia mwaka 1962. Sijui niseme nini. Kwa baba yake na takahē wangesema hivyohivyo.

#19 Mama Tumaini

Mwanangu, kwani kwa babu yako hakubaki hata mmoja aliyekuwa anaandamana naye?

#20 Luhombero

Mama, swali lako limenifanya nipige simu leo mchana.

Yupo. Mjomba wake mama yangu, ana miaka 77, walikuwa wakipanda pamoja. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za mahindi, kisha nikauliza msituni walikuwa wanakula nini. Akacheka, akasema ugali wa ulezi, kwa siku nne. Nikamuuliza usiku walilala wapi. Akanieleza jiwe lenye kivuli, na moto mdogo.

Halafu, bila mimi kutaja ndege yeyote, akasema jioni walikuwa wakiwangoja wale kwale. Mchana wanapekua majani chini, giza likiingia wanapanda kulala kwenye vijiti vya chini, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kupanda wanaitana. Nikamuuliza wanaitana vipi.

Akanyamaza. Nilisikia jogoo wa jirani yake, na mtu akipasua kuni. Kisha mzee wa miaka 77 akapiga mluzi kwenye simu, mara tatu, ukipanda.

Nimeurekodi. Ijumaa ninapanda basi la Iringa.